Ziara ya muda wa saa tisa ni kufika Roma? Shemeji anasema hatujafika popote

#1 BabaWatatu_Donholm
Wadau, habari zenu. Nina ubishi wa nyumbani, nauleta hapa kwa sababu nyumbani umeshindikana.

Likizo ya Agosti tulipanda meli ya kitalii: mimi, mama watoto, watoto watatu (miaka 14, 10 na 6) na mama mkwe. Usiku saba. Tuliondoka Barcelona, tukapita Marseille, Genoa, Civitavecchia, Palermo, Valletta kule Malta, siku moja baharini tupu, tukarudi Barcelona. Tulidunduliza miaka mitatu kwenye chama, kwa hiyo asije mtu kuniuliza nimeiba wapi.

Jumapili iliyopita tulialika watu, tukachoma nyama, tukawaonyesha picha kwenye runinga. Shemeji, kaka yake mama watoto, akatazama zote hadi mwisho, akatafuna ubavu wake, akasema: "Kwa hiyo mlilipa pesa yote hiyo kuonyeshwa magati." Mama watoto akachacha. Yeye anahesabu nchi nne: Hispania, Ufaransa, Italia na Malta. Shemeji anahesabu sifuri. Sijapata hata nafasi ya kuingilia, mama mkwe, aliyekuwa kimya muda wote, akasema: "Mimi Roma sikufika. Nilipitishwa."

Hapo ndipo penye mzigo. Mama yuko katika Chama cha Wanawake Wakatoliki tangu mke wangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Jumuiya yao ilimkabidhi rozari saba aingie nazo Basilika la Mtakatifu Petro. Tulinunua ziara ya nchi kavu inayouzwa na meli yenyewe. Meli ilitia gati saa moja asubuhi, saa mbili tuko kwenye basi, saa nne kasorobo tuko Roma. Colosseum tuliizunguka kwa nje. Chemchemi ya Trevi dakika ishirini, watoto wakatupa sarafu. Chakula. Halafu uwanja wa Mtakatifu Petro, dakika arobaini. Foleni ya kuingia ndani ilikuwa imejikunja uwanja mzima, na binti aliyetuongoza, mwenye kibango namba 23, akasema muda hautoshi. Saa kumi na moja tulikuwa melini tunapanga foleni ya bufee. Mama alibaki na rozari zake mkononi, mlango ameuona kwa mbali.

Maswali mawili. Tulifika au hatukufika? Na kwa nini meli isilale bandarini usiku mmoja, watu wakauona mji kwa raha zao?

#2 Kipepeo_Rongai
Nimekaa kitako. Huo ubavu shemeji aliumaliza au aliuacha kwa hasira?

#3 Mwalimu_Mstaafu
Tuanze na jiografia. Roma haina meli ya kitalii hata moja inayotia gati mjini. Civitavecchia ni mji mwingine, kilomita kama 80 kutoka Roma, na bandari yake ilijengwa kwa amri ya Kaisari Trajani mwanzoni mwa karne ya pili. Tikiti ikiandikwa "Roma" ni kama mtu ashuke Naivasha apige simu nyumbani kusema yuko Nairobi.

Kwa hiyo jibu langu: Civitavecchia mlifika. Roma mliizuru. Kiswahili kina maneno mawili kwa sababu ni mambo mawili.

#4 Dereva_MaiMahiu
Mwalimu, kwa heshima, Naivasha ni karibu 90. Kwa 80 bado uko njiani unanunua viazi. Halafu shida si kilomita, shida ni malori. Siku lori likilala pale mteremkoni, hizo 80 zinakuwa saa tano. Hawa jamaa walienda wakarudi siku hiyo hiyo na wakawahi bufee. Mimi naita hiyo safari njema, walalamikaji wapunguze.

#5 Mama_Pili_Umoja
@BabaWatatu mwambie mama pole sana. Lakini hilo basi ndilo lililowaponza.

Mimi na dada yangu tulipita hapo 2023 na watoto wanne, na tulikwenda kivyetu kwa treni. Gatini kuna basi la kukutoa hadi nje ya bandari, kisha unatembea kwenda stesheni. Treni ni kama saa moja, ile inayosimama kila kituo inazidi kidogo. Siri ni hii: usingoje ufike stesheni kuu ya Termini. Shuka Roma San Pietro, jina lenyewe linakwambia. Kutoka hapo hadi uwanjani ni mwendo wa robo saa hata na mtoto anayeburuta miguu. Saa tatu na nusu tulikuwa kwenye foleni, na kabla ya saa tano tulikuwa ndani. Dada yangu alilia, mimi nilitafuta choo.

Colosseum hatukuiona kabisa. Sijuti. Nauli ilikuwa euro chache kwa kichwa. Ninyi mlitoa ngapi?

#6 BabaWatatu_Donholm
Mama Pili usinitoneshe kidonda. Dola 89 mtu mzima, watoto punguzo la kubembelezea tu. Zidisha kwa watu sita.

Kilichonitisha ni lile tangazo la kila asubuhi kwenye spika: anayekwenda kivyake akichelewa, meli haimngojei. Nina mama wa miaka 71 mwenye goti bovu na mtoto wa miaka 6 anayetaka aiskrimu kila kona. Nikasema wacha nilipie usingizi.

#7 Baharia_Likoni
Ndugu, hukukosea, na tangazo si la kutishia watoto. Nimefanya kazi ya kuhudumia vyumba kwenye hizo meli miaka kumi na moja, mikataba ya miezi saba hadi tisa. Basi la ziara ya meli likikwama barabarani, melini wanajua. Nahodha ama anangoja, ama kampuni inakupeleka bandari inayofuata kwa gharama yake. Ukiwa umekwenda kivyako unaitwa jina mara mbili tatu kwenye spika, wenzako wanasimama sitahani wakitazama barabara, halafu kamba zinafunguliwa. Nimeona watu wakikimbia gatini na mifuko ya manunuzi, meli ikiwa imeshaachana na gati mita kumi. Abiria wa juu wanapiga makofi. Si jambo zuri lakini wanapiga.

Mtakumbuka Machi 2024, meli moja kubwa iliacha abiria wanane São Tomé na Príncipe, mmoja wao mama mjamzito. Walikuwa kwenye ziara ya binafsi, wakachelewa. Wakazunguka nchi kadhaa kuifukuza hadi Gambia, na huko nako meli ikashindwa kuingia Banjul kwa sababu ya maji. Waliipata Dakar, Senegal.

Kuhusu kufika, mimi sina mdomo. Civitavecchia nimetia gati zaidi ya mara sitini. Roma sijaiona hadi leo. Siku ya bandari kubwa ndiyo siku ya kubadilisha shuka za watu wanaoshuka na kutandikia wanaopanda. Ninachokijua pale ni duka la kadi za simu na benchi moja lenye intaneti ya bure.

#8 Kipepeo_Rongai
Mara sitini! Baharia wewe ni makanga wa matatu ya 58, unafika Buruburu mara kumi kwa siku na chai ya huko hujawahi kuionja.

#9 Mhasibu_UpperHill
Swali la pili la mwanzilishi lina jibu moja tu, nalo ni pesa. Meli ikiwa bandarini, kwa kawaida kasino na maduka yake yasiyolipa ushuru yanafungwa, kwa sababu mko ndani ya sheria za nchi ya watu. Ikishaingia bahari kuu, milango inafunguliwa. Sasa niambie, mwenye meli anataka ulale wapi?

Na hiyo dola 89: basi, binti mwenye kibango na chakula vinatolewa na kampuni ya nchi kavu. Yenyewe inalipwa kiasi chake, meli inabaki na tofauti. Ulichonunua ni bima ya kungojewa. Bima ni biashara nzuri kwa sababu watu wengi hawachelewi.

#10 Mwalimu_Mstaafu
Mhasibu kila kitu kwake ni daftari la hesabu. Umesahau maji kupwa na kujaa. Meli kubwa inaingia na kutoka kwa kufuata maji, haiwezi kukaa inavyotaka. Baharia mwenyewe kasema habari ya Banjul.

#11 Bin_Kibokoni
Maalim, hapo nakuvuta kanzu kidogo. Bahari ya Kati haina maji makubwa, yanapanda shibiri chache tu, mgeni hata hatambui. Ukitaka bamvua njoo huku kwetu Kilindini, maji yanapanda mita tatu na zaidi. Banjul iko mdomoni mwa mto, upande wa Atlantiki, hiyo ni habari nyingine. Civitavecchia meli ingelala wiki ikitaka.

#12 Baharia_Likoni
Bin kasema kweli. Lakini na Mhasibu naye amekamata mkia tu wa ng'ombe. Gati linawekewa nafasi mapema sana. Saa moja jioni sisi tunatoka, alfajiri mwingine anaingia. Na meli ikitoka jioni inakwenda polepole usiku kucha, mafuta yanapungua. Ikilala, kesho yake lazima ikimbie kuwahi bandari nyingine, na mafuta ya kukimbia ni mengine kabisa.

Zipo meli zinazolala bandarini. Ni ndogo, na bei yake chama cha Donholm kitahitaji miaka tisa.

#13 Mhasibu_UpperHill
Mafuta, nafasi ya gati... Baharia, umeandika aya nzima kusema pesa.

#14 Shangazi_Kileleshwa
Hakuna aliyewauliza wenyeji? Wamechoka na sisi. Venice tangu Agosti 2021 meli kubwa hazipiti tena kwenye mfereji wa Giudecca mbele ya uwanja wa Mtakatifu Marko. Barcelona, huko huko mwanzilishi alikopandia, Julai 2025 walikubaliana kupunguza vituo vya meli kutoka saba hadi vitano ifikapo 2030. Ugiriki mwaka huo huo ikaanza kumtoza abiria wa meli euro 20 akishuka Santorini au Mykonos wakati wa msimu.

Mtu anayelala hotelini ananunua chakula cha jioni. Ninyi mnashuka elfu tatu kwa mpigo, mmeshiba bufee, mnapiga picha, mnaomba choo, mnaondoka. Mngekuwa ninyi wenyeji mngesema karibuni mlale?

#15 Mama_Pili_Umoja
Shangazi nami nimeomba choo tu Roma, nisamehe. Lakini nilinunua kahawa ili nikipate.

#16 Kijana_wa_Juja
Mimi nina kisa cha mjomba. Walikuwa meli ya huko Ugiriki, wakaambiwa mwisho wa kurudi ni 4:30. Mjomba, mtu wa Kiswahili safi, akasoma saa nne na nusu. Akajua ni saa nne na nusu usiku, akaenda kula samaki polepole. Aliporudi bandarini akakuta bahari.

#17 Dereva_MaiMahiu
Hicho kisa nimekisikia Nakuru, mjomba akiwa wa mtu mwingine, na chombo kikiwa basi la usiku la Malaba.

#18 Kijana_wa_Juja
Wallahi ni mjomba wangu. Anaishi Witeithie.

#19 Baharia_Likoni
Inawezekana. Cha kweli zaidi ni hiki: saa ya meli na saa ya mji wakati mwingine hazilingani. Nahodha anaweza kuamua saa isibadilishwe kwa bandari moja tu. Simu yako ikishika mtandao wa nchi kavu inajibadilisha yenyewe, na wewe unaiamini. Ndiyo maana wazee wa meli wanavaa saa ya mkono.

#20 Wanjiku_Viza
Nauliza jambo la maana zaidi kuliko samaki wa mjomba. Viza mlifanyaje watu sita?

#21 BabaWatatu_Donholm
@Wanjiku tuliomba Hispania kwa sababu ndiko tulikoanzia na kumalizia. Ada ya Schengen (zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) ni euro 90 mtu mzima, 45 kwa mtoto wa kuanzia miaka 6 hadi kabla ya 12. Kwa hiyo yule wa 14 alilipishwa kama babake, na alifurahi sana kuambiwa hivyo. Bima ya safari lazima ifike euro 30,000. Angalia njia ya meli kabla hujajaza fomu: ikitoka nje ya Schengen, tuseme iguse Tunisia au Uturuki kisha irudi, unahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Yetu ilikuwa ndani kwa ndani, Malta nayo imo.

#22 Shangazi_Kileleshwa
Anayeogopa hiyo foleni aangalie Durban. Afrika Kusini Mkenya haombi viza tangu Januari 2023, siku 90. Kuna meli zinatoka pale kwenda pwani ya Msumbiji na kurudi, siku tatu nne. Hakuna Roma, lakini hakuna barua ya benki ya miezi sita.

#23 Otis_Dunga
Mimi nina meli bora: kivuko cha Likoni. Bure kwa anayetembea kwa miguu, safari dakika chache, unaona bandari, unaona meli kubwa, na mahubiri ndani. Hakuna bufee, lakini korosho zipo.

#24 Baharia_Likoni
Usicheze na kivuko chetu. Hicho nacho kikiondoka hakimngoji mtu.

#25 Bin_Kibokoni
Nimekaa kimya kuhusu swali la kwanza kwa sababu mimi niko upande wa pili wa kioo. Natembeza wageni Mombasa, na meli zikija nachukua watu wa meli. Tunapewa saa tatu, nne zikizidi. Wengine wanapakiwa alfajiri kwenda Tsavo Mashariki, wanarudi wekundu kwa vumbi, wameona ndovu, wanasema wameona Kenya. Mji wa Kale hawajauona hata paa. Wanaobaki nawapitisha Ngome ya Yesu, vichochoro vya Mji wa Kale, viungo pale Marikiti, picha chini ya zile sanamu za pembe za ndovu za Moi Avenue, basi linapiga honi.

Ngomeni huwa nawaambia Waitaliano: Wareno walianza kuijenga 1593, lakini aliyeichora ni mtu wenu, Giovanni Battista Cairati. Wanafurahi. Wanapiga picha ukuta kana kwamba wamekuta jina la babu yao.

Sasa sikilizeni. Mwaka fulani nilikuwa na mzee mmoja wa meli, miguu imemchoka, akakataa kutembea. Nikamwacha barazani kwa wazee wetu. Alikaa saa mbili. Alikunywa kahawa chungu vikombe vitano, akala kashata, akacheza bao na kila aliyekuwepo na kila mmoja akamfunga. Ngome hakuingia. Wenzake waliporudi wakamhurumia kwamba amekosa Mombasa. Yule mzee kila nikimkumbuka sijui nimhesabu wapi.

#26 Mwalimu_Mstaafu
Bin, huyo mzee alifika. Ninaondoa tofauti yangu ya kufika na kuzuru, haikuwa nzuri.

#27 Kipepeo_Rongai
Mwalimu kaondoa hoja! Piga picha ya skrini.

#28 Mhasibu_UpperHill
Mimi simhesabu. Alikuja na tikiti ya ziara ya ngome akanywa kahawa. Angekunywa Lamu, angekunywa Zanzibar, ingekuwa kahawa ile ile.

#29 Bin_Kibokoni
Kahawa ya Lamu na ya Kibokoni ni ile ile? Ndugu yangu, wewe ndiye hujafika popote.

#30 BabaWatatu_Donholm
Bin umenikumbusha Malta, na hii sikuisimulia siku ile ya nyama.

Valletta meli inatia gati chini kabisa ya kuta za mji, huhitaji basi wala treni. Kuna lifti ya kukupandisha juu, ukitoka unaona bandari yote kama sahani. Huko hatukununua ziara, pesa ilikuwa imeisha Roma. Tukaingia kanisa la Mtakatifu Yohane. Mlangoni wanataka mabega yafunikwe, na binti yangu wa 14 alikuwa na fulana ya mikanda. Mama mkwe bila kusema neno akatoa leso mkobani, akamfunga. Mlinzi akaitazama ile leso, akaishika pindo, akasema ni nzuri.

Nje kuna akina mama wanauza vitambaa vya meza vya kimia, Malta wanasifika kwa hiyo kazi. Mama akapenda kimoja. Muuzaji akageuka kumuuliza mwenzake bei kwa lugha yao, na mwenzake akajibu kitu kama "hamsin". Mama akadakia kwa Kiswahili: "Hamsini? Nipe kwa thelathini." Yule mama akabaki mdomo wazi. Akasema "tletin?" Mama akasema "ndiyo, thelathini." Wakaanza kuhesabiana vidoleni. Sita, wao "sitta". Saba, wao karibu sawa. Tisini, "disghin". Kitabu, "ktieb". Watu wawili wazima wanacheka barabarani, watoto wangu wanarekodi kwa simu. Kitambaa tulikipata kwa 35.

Tulikaa hapo muda mrefu kuliko tuliokaa Trevi. Mama akizungumzia safari, anazungumzia huyo muuzaji. Ila ukimuuliza Roma, jibu ni lile lile.

#31 Otis_Dunga
Kumbe Wamalta ni watu wa pwani! Walitoka kwetu lini?

#32 Mwalimu_Mstaafu
Hawakutoka kwetu wala sisi kwao. Kimalta kimetokana na Kiarabu kilichozungumzwa Sicily, ndiyo lugha pekee rasmi ya Umoja wa Ulaya iliyo ya jamii ya Kiarabu na Kiebrania, na huandikwa kwa herufi za Kilatini. Kiswahili ni Kibantu, kilikopa kwa Waarabu sita, saba, tisa na makumi kuanzia ishirini. Moja hadi tano na nane ni zetu. Mama angeuliza bei ya vitambaa vinne, mazungumzo yangekatika.

#33 Kipepeo_Rongai
Mwalimu, mtu kapata urafiki, wewe umeleta sarufi.

#34 Katekista_Kariobangi
Nimesoma uzi wote, nami niseme kidogo kwa ajili ya mama.

Uwanja wa Mtakatifu Petro ni sehemu ya Dola ya Vatikani, iliyotambuliwa kwa Mkataba wa Laterano wa 1929. Ukivuka ule mstari wa uwanja umetoka Italia. Kwa hiyo mama watoto akihesabu vizuri ana nchi tano, siyo nne. Na mama mkwe ana haki pia: aliposimama na rozari zake hakuwa Roma, alikuwa Vatikani.

Pili, rozari hazihitaji kupita mlangoni ndipo ziwe na maana. Jumapili saa sita mchana Baba Mtakatifu akiwapo anatokea dirishani kwa sala ya Malaika wa Bwana, na baraka yake inawafikia wote waliopo uwanjani na walivyoshika mikononi.

#35 BabaWatatu_Donholm
Asante sana Katekista. Tatizo tulikuwa hapo Alhamisi.

Nchi tano nimempelekea mama watoto, ameshamtumia kaka yake. Shemeji amejibu kwamba nchi usiyogongewa muhuri si nchi. Ubishi umeanza upya.

#36 Dereva_MaiMahiu
Muhuri? Ndani ya Schengen mligongewa mkiingia na mkitoka tu. Kwa hesabu ya shemeji mmefika uwanja wa ndege.

#37 Wanjiku_Viza
Hebu rudini kwenye mambo ya kusaidia watu. Mtoto wa miaka 6 alitapika?

#38 BabaWatatu_Donholm
Mtoto hapana. Mimi ndiyo, usiku wa kutoka Genoa. Wahudumu walinipa tufaha bichi la kijani na biskuti kavu, nikadhani ni mzaha, ikasaidia. Chukua chumba cha katikati ya meli, sitaha za chini, hapachezi sana.

Huyo wa 6 ukimuuliza alichoona Ulaya anasema telezi la majini sitaha ya juu. Wa 10 anasema mashine ya aiskrimu haizimwi. Sijui kwa nini nilivuka bahari.

#39 Baharia_Likoni
Hiyo mashine inazimwa saa nane usiku. Nimeiosha miaka miwili.

#40 Mama_Pili_Umoja
@BabaWatatu, rozari ziko wapi sasa? Mama amewarudishia wenyewe?

#41 BabaWatatu_Donholm
Bado. Ziko kwenye mkoba ule ule aliosafiri nao, kwenye ile karatasi ya jumuiya yenye majina saba. Jumamosi iliyopita hakwenda jumuiya, alisema goti.

#42 Mama_Pili_Umoja
Sikiliza. Mimi na dada tunarudi Mei, kwa ndege safari hii, siku nne Roma tupu. Nitumie ujumbe pembeni. Rozari saba hazina uzito, nitaingia nazo na picha nitapiga.

#43 Kipepeo_Rongai
Mama Pili, Mungu akuone. Usisahau na kahawa ya choo.

#44 BabaWatatu_Donholm
Nimetoka kumuuliza mama sasa hivi. Amesema nikushukuru sana na amekuandikia jina lako kwenye nia za misa. Lakini hatazitoa. Ameniuliza hiyo treni inashukia wapi, nikamwambia San Pietro, akaniambia niandike kwenye karatasi.

#45 Dereva_MaiMahiu
Chama kinaanza lini?